Laini ya Kabuku: pesa ziende kwenye swichi ya ombwe au kwenye panga?

MHANDISI: Tuanze na hitilafu zenyewe kabla ya kubishania vifaa. Laini ya kilovoti 33 inayopita juu ya nguzo kilomita nyingi, kati ya mkonge, vichaka na mashamba ya mahindi kama ilivyo huku Kabuku, hupatwa na hitilafu za namna mbili. Kuna za kudumu: nguzo imelala, waya umekatika, kikombe cha kuhami kimepasuka. Na kuna za kupita: radi imepiga na cheche ikaruka juu ya kikombe, tawi limegusa waya likaungua, kunguru amekaa pabaya. Hitilafu ya kupita ukiinyima umeme kwa sekunde moja au mbili tu, cheche inazimika, hewa iliyochemka inapoa, na laini inakuwa nzima kama hakuna kilichotokea. Uzoefu wa mashirika ya umeme ya nchi nyingi, tangu swichi za kujirudisha zilipoanza kufungwa kwenye nguzo za Marekani karibu na mwaka 1940, ni kwamba kati ya hitilafu kumi za laini za juu, saba au nane ni za kupita. Fyuzi haiwezi kutofautisha. Ikiungua kwa ajili ya kunguru, imeungua. Mpaka gari litoke, fundi aitafute nguzo, ainue fimbo, aweke waya mpya. Rikloza, yaani swichi ya kujirudisha, inakata, inasubiri, inarudisha. Hitilafu ikiwa bado ipo inakata tena, na ikishindwa mara zilizopangwa inabaki wazi na kuwaachia watu kazi. Nchi hii sasa ina mitambo tisa ya megawati 235 katika Bwawa la Julius Nyerere, jumla megawati 2,115. Umeme huo hauna faida kwa kijiji kinacholala gizani kwa sababu ya ndege mmoja. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye rikloza, na rikloza yenyewe iwe ya ombwe, inayokata umeme ndani ya chupa isiyo na hewa.

FUNDI: Hesabu ya saba kwa kumi siipingi, mhandisi. Ninachopinga ni kuihamisha ilikotoka na kuileta huku kama ilivyo. Imetoka kwenye laini ambazo mkuza wake, yaani njia zinamopita, unafyekwa kwa ratiba, na nguzo yenye shaka inabadilishwa kabla haijalala. Mkuza ukiachwa, mambo hubadilika. Tawi lililogusa waya likaungua ncha ni hitilafu ya kupita mara moja tu. Mti wenyewe bado umesimama pale pale, na upepo wa jioni ukirudi, tawi la pili linagusa. Hapo rikloza itahesabu moja, mbili, tatu, halafu itafunga kazi, na gari litatoka vile vile. Tena kila inaporudisha, waya unapigwa na mkondo mkubwa wa hitilafu kwa mara nyingine, viungo vyake vinachemka, na kiungo kilichokuwa kimelegea kidogo kinazidi kulegea. Laini iliyochoka ukiifungia kifaa cha kuirudisha mara tatu, umeongeza mapigo matatu juu ya mwili ule ule mgonjwa. Panga, nguzo mpya, vikombe vipya na waya uliokazwa vinaondoa chanzo. Swichi, hata iwe nzuri namna gani, inashughulika na matokeo.

MHANDISI: Chanzo kimojawapo hakifyekwi, nacho ni radi. Ukanda huu uko karibu na bahari na karibu na Usambara, una masika na vuli, na mawingu ya radi ni sehemu ya mwaka wake. Unaweza kufyeka mkuza mpaka ukabaki mchanga mtupu, radi bado itapiga waya ulio juu kuliko kila kitu kinachouzunguka. Sasa kuhusu mapigo: ni kweli kila kurudisha ni pigo, lakini ukubwa wa madhara hutegemea muda. Rikloza za zamani za mafuta zilikuwa zinazima cheche ndani ya mafuta yenyewe. Cheche ilichemsha mafuta, ikayageuza gesi na masizi, na baada ya kazi kadhaa nzito mafuta yalikuwa meusi na lazima yabadilishwe. Chupa ya ombwe haina cha kuchemsha. Ndani yake kuna kontakti mbili za chuma zikitazamana, na zikiachana nafasi kati yao haifiki hata sentimita mbili au inazidi hapo kidogo. Cheche inayotokea hula mvuke wa chuma cha kontakti zenyewe, kwa kuwa hakuna hewa wala gesi ya kuibeba. Umeme wetu hubadili uelekeo na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde. Mkondo ukifika sifuri, mvuke ule unajibandika kwenye kontakti na kwenye ngao ya chuma inayozizunguka kwa muda mfupi sana, sehemu chache za milioni za sekunde, na pengo linakuwa tupu tena. Kwa hiyo hukumu hutolewa karibu kabisa na sifuri ya kwanza au ya pili baada ya kontakti kuachana. Pigo linakuwa fupi, na kifaa kinaweza kufanya kazi hiyo mara nyingi bila kufunguliwa.

FUNDI: Hilo la kutofunguliwa ndilo linalonitia wasiwasi. Kifaa cha mafuta kina kioo cha kutazamia. Fundi akipanda anaona kiwango, anachukua sampuli, anajua hali. Chupa ya ombwe imezibwa kiwandani na haina geji. Kiwanda kinaifunga ikiwa na utupu mkali mno, kisha mvukuto mwembamba wa chuma kisichoshika kutu ndio unaoruhusu kontakti moja kusogea bila kuingiza hewa. Mvukuto huo ukipata ufa usioonekana kwa macho, hewa inaingia taratibu, na kwa nje chupa inabaki vile vile, kauri nyeupe safi. Kontakti zikiwa zimefungana umeme unapita kama kawaida, hakuna anayejua. Siku ya hitilafu kontakti zinaachana, cheche haizimiki, na chupa inapasuka juu ya nguzo. Kipimo chake ni kuiacha wazi na kuibana kwa volteji kubwa ya majaribio, kazi inayotaka laini izimwe, mashine ya kupimia iletwe, na mtu aliyefundishwa. Mashine hizo ziko ngapi karibu na Kabuku? Mafuta machafu yanajitangaza. Ombwe lililoharibika halitoi dalili yoyote.

MHANDISI: Hoja hiyo ni nzito na ndiyo iliyochelewesha teknolojia hii kwa zaidi ya miaka 30. Royal Sorensen na mwenzake Mendenhall wa chuo cha Caltech, California, walitoa ripoti ya majaribio ya kukata umeme ndani ya ombwe mwaka 1926, na matokeo yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa kulitunza ombwe. Chuma cha siku zile kilikuwa na gesi ndani yake. Kila cheche ilipoyeyusha uso wa kontakti, gesi ilitoka na kuharibu utupu. Waliotangulia kupiga hatua sokoni ni watu wa mitambo ya redio: Jennings wa San Jose alitengeneza vifaa vya ombwe kwa ajili ya mitambo ya kurushia matangazo ya redio, zikiwamo rilei za volteji kubwa, kwa sababu mkondo wao ni mdogo na kazi yao ni kuhamisha antena, wala si kuzima hitilafu ya maelfu ya ampea. General Electric ndiyo iliyofikisha chupa ya ombwe kwenye umeme wa usambazaji miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, baada ya kujua kusafisha chuma gesi yake. Baadaye kioo cha chupa kikaachwa, kauri ya alumina ikachukua nafasi yake kwa sababu inavumilia joto, na hiyo ikaruhusu chupa nzima iunganishwe na kuzibwa kwa mkupuo mmoja ndani ya tanuri la ombwe, badala ya kunyonywa hewa kwa mrija na kuzibwa mwishoni. Ndipo watengenezaji walipothubutu kutaja umri wa miaka 20 au 30. Ufa wa mvukuto upo, sikatai, lakini haupo kwa wingi wa mafuta machafu. Tena mafuta yana adui mwingine huku kwetu, na mzee wangu unamjua: mwizi. Chupa ya ombwe haina kitu cha kumimina kwenye dumu.

MSAGAJI: Naomba na mimi niingie, kwa sababu mnazungumza juu ya laini mkanisahau niliye mwishoni mwake. Mashine ya kusaga ya fezi tatu haiharibiwi na giza. Giza linapoteza muda na wateja, lakini mota inabaki nzima. Kinachoua mota ni umeme wa nusu. Fyuzi ya fezi moja ikiungua kule kwenye nguzo, fezi mbili zinabaki hai. Taa za jirani zinawaka, nyingine zinafifia, na mota iliyokuwa ikizunguka inaendelea kuzunguka kwa kunguruma, ikivuta mkondo mkubwa kwenye koili zilizobaki, mpaka harufu ya vanishi inatoka. Kuisuka upya koili ni gharama inayokula faida ya msimu. Basi swali langu kwa wote wawili: hicho cha ombwe kinakata fezi moja au zote? Na panga la fundi linaizuia fyuzi moja isiungue peke yake?

MHANDISI: Mama, hapo umegusa faida ambayo wauzaji wenyewe huwa wanaisahau. Rikloza ya fezi tatu inaweza kupangwa ikate zote tatu kwa pamoja hata hitilafu ikiwa ya fezi moja. Kinachowezesha hilo kwa uhakika ni mabadiliko ya namna ya kuisukuma kontakti. Zamani swichi ilitegemea springi zilizokazwa, komeo, roda na vipande vingi vilivyotaka grisi, na kila kipande ni mahali pa kukwama. Tangu miaka ya 1990 vifaa vingi vya ombwe vinatumia sumaku ya kudumu: koili inapewa umeme kidogo kwa kitambo kifupi, kontakti zinafunga, kisha sumaku inazishikilia bila kutumia umeme wala komeo. Kwa kuwa pengo la ombwe ni dogo, safari ya kontakti ni fupi, na sumaku inatosha. Unapata kifaa chenye vipande vichache sana vinavyosogea, kilichofunikwa kwa epoksi ngumu badala ya mafuta au gesi, kinachokata fezi tatu karibu sawia. Kwa mota yako hilo ni ulinzi ambao fyuzi hazikupi hata zikiwa mpya.

FUNDI: Amekujibu nusu, mama. Rikloza inafungwa kwenye laini kuu au mwanzo wa tawi. Kati yake na transfoma yako bado kuna fyuzi tatu za transfoma yenyewe, na moja ikiungua peke yake uko pale pale ulipokuwa. Ulinzi wa mota yako dhidi ya fezi mbili unakaa kwenye starta yako: rilei ya kuzidiwa iliyopangwa kwa ampea za mota ile, na kifaa cha kuhisi fezi iliyopotea. Hicho ni kitu kidogo, kinanunuliwa dukani, na kinapaswa kuwa kwenye kila mashine kabla hatujanunua chupa za ombwe kwa pesa za kigeni. Na kuna jambo ambalo rikloza inalileta ambalo fyuzi haikuwa nalo. Umeme wa fyuzi ukiondoka, umeondoka; utarudi saa mbili baadaye na kila mtu atasikia. Umeme wa rikloza unaondoka na kurudi ukiwa umeingiza mkono kwenye mashine kutoa mahindi yaliyoziba. Starta isiyokuwa na uwezo wa kuachia umeme unapokatika, au ile ambayo mtu ameifunga kwa kipande cha mti ili isimsumbue, itaiwasha mota peke yake. Mhandisi anaita hilo kurudisha huduma. Kwa mtu mwenye mkono ndani, ni ajali.

MSAGAJI: Basi kumbe pande zote mbili mnataka nibadilishe starta. Sawa, nakubali, lakini msiniambie hilo baada ya kifaa kufungwa. Wateja walioungwa kwa shilingi 27,000 na mradi wa umeme vijijini hawakuletewa semina ya starta, na wengi wamenunua mashine iliyotumika ikiwa na starta iliyokutwa humo humo. Kifaa kinachobadili tabia ya umeme kwa mtumiaji kinapaswa kutangazwa kwa mtumiaji: umeme ukikatika usiguse, unaweza kurudi ndani ya sekunde mbili. Tangazo hilo ni la nani?

MHANDISI: Ni la anayesambaza umeme, na nalikubali lote. Naongeza kwamba muda wa kusubiri ni namba tunayoichagua sisi. Kitaalamu rikloza inaweza kurudisha ndani ya theluthi ya sekunde, na baadhi ya nchi hupenda hivyo ili taa zipepese tu. Kwa laini yenye mota za kusaga na korona za mkonge, muda huo ni mbaya: mota bado inazunguka na bado inazalisha volteji yake yenyewe, umeme ukirudi haulingani nayo, na shafti inapata msukosuko mkubwa. Huku muda wa kwanza uwe sekunde kadhaa. Na kiwanda cha mkonge kikiwa na jenereta yake iliyounganishwa na laini, kama ule mtambo wa gesi ya mabaki ya mkonge uliojengwa Hale, rikloza isirudishe kabisa kabla haijapima na kuona upande wa pili hauna umeme. Vifaa vya sasa vina vihisi vya volteji pande zote mbili kwa ajili hiyo. Kila hatari mliyoitaja inashughulikiwa na mpangilio.

FUNDI: Mpangilio! Sasa tumefika. Kuna hatari moja kubwa kuliko mota na koili, nayo ni waya ulioanguka. Udongo wa kiangazi ni mkavu, na waya ukilala juu yake mkondo unaoingia ardhini unaweza kuwa ampea chache tu. Kifaa kisipouhisi, waya unabaki hai chini, kwenye njia ambayo watoto wanapita kwenda shule. Kikiuhisi na kikawa kimepangwa kurudisha mara tatu, kinaufufua mara tatu waya ambao mtu ameshaukaribia akiamini umekufa kwa kuwa ameona taa zimezima. Mtu wa kijijini anajua kitu kimoja: taa zikizima, umeme haupo. Mnambadilishia kanuni hiyo bila kumwambia.

MHANDISI: Mzee, kuhusu waya uliolala, fyuzi ndiyo mbaya zaidi, na sitakubali ihesabiwe kuwa salama. Fyuzi ya laini inataka mkondo mkubwa, kisha muda, ili iungue. Kwenye udongo mkavu ampea chache haziiunguzi hata usiku kucha. Waya unaweza kulala hai mpaka asubuhi na mwenye fyuzi asijue lolote. Rikloza yenye rilei ya kisasa ina kipimo cha hitilafu ndogo ya ardhi, kinachojumlisha mikondo ya fezi tatu na kuona kasoro ya ampea chache, kisha baada ya sekunde kadhaa kinakata. Na kwa kipimo hicho kanuni ya kawaida ya ulinzi ni kutorudisha hata mara moja. Ni kweli hakitauona kila waya: ukianguka juu ya mchanga mkavu sana au juu ya lami, mkondo unaweza kuwa mdogo kuliko chochote kinachopimika. Lakini kati ya kifaa kinachoona nyaya nyingi na kifaa kisichoona karibu zote, sijui kwa nini tungechagua cha pili kwa jina la usalama wa watoto.

FUNDI: Kwa sababu cha pili hakimdanganyi mtu. Na kwa sababu kipimo hicho cha ampea chache ndicho cha kwanza kuzimwa. Laini ikiwa na vikombe vichafu na miti inayogusa, mkondo mdogo unavuja muda wote, kipimo kinakata kila jioni yenye umande, simu zinapigwa, na mkubwa mmoja anaagiza kizimwe mpaka hapo baadaye. Kwenye boksi la chini ya nguzo hilo ni suala la kubonyeza kitufe. Tangu hapo una rikloza yenye uwezo wote ulioutaja, ambayo kwa kweli inafanya kazi moja tu ya kurudisha umeme juu ya waya ulioanguka. Ndiyo maana nasema panga kwanza. Laini safi inakuruhusu kuacha kipimo hicho kikiwa wazi. Laini chafu inakulazimisha kukifunga, na ukishakifunga umenunua hatari kwa bei ghali.

MSAGAJI: Hapo mhandisi ajibu polepole, kwa sababu naona fundi amesema kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya muuzaji.

MHANDISI: Najibu. Fundi yuko sahihi kwamba mkuza na kipimo ni kitu kimoja, na mtu anayenunua rikloza bila fungu la kufyeka amenunua nusu ya ulinzi. Ninachokataa ni kwamba tungoje. Mkuza wa laini ndefu haufyekwi wote kwa mara moja. Lazima uchague kipande cha kuanzia, na leo tunachagua kwa malalamiko ya simu, yaani kwa wenye simu na wenye kujulikana. Rikloza ya sasa inaandika kila tukio: saa, fezi, ukubwa wa mkondo. Kutokana na ukubwa wa mkondo unaweza kukadiria umbali wa hitilafu. Hitilafu zikija za fezi ile ile, umbali ule ule, jioni zenye upepo, huo ni mti, na unajua pa kupeleka panga. Zikija zimetawanyika kila mvua ya radi, hapo panga halisaidii. Peleka aresta, vile vifaa vya kuzuia volteji ya radi, na ukaze nyaya za kushukia ardhini. Miaka yote ya fyuzi haikutuachia kumbukumbu ya namna hiyo, isipokuwa idadi ya fyuzi zilizochukuliwa stoo.

FUNDI: Kwa kuwa umetaja aresta, liseme lote. Ombwe lina tabia ya kukata mapema. Mkondo mdogo, wa transfoma isiyo na mzigo kwa mfano, halisubiri ufike sifuri. Linaukata ukiwa bado na ampea kadhaa. Nguvu iliyokuwa kwenye koili ya transfoma haina pa kwenda, inageuka volteji, na volteji hiyo inaweza kupanda mara kadhaa juu ya ile ya kawaida. Transfoma zetu za vijijini nyingi zimekaa miaka mingi juani, karatasi ya ndani imekauka, mafuta yamepungua. Swichi ya mafuta ilikuwa na upole kidogo kwazo. Je, gharama ya aresta kila upande wa rikloza na kwenye kila transfoma ya karibu imo kwenye hesabu yako, au utaleta swichi leo na aresta mwaka mwingine wa fedha?

MHANDISI: Imo, na isipokuwamo nisiungwe mkono. Lakini sema pia kwamba hapo ndipo usanifu umefanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Kontakti za mwanzo zilikuwa za chuma kigumu kama tungsteni au za shaba iliyochanganywa na bismuthi, na kila moja ilikuwa na kasoro yake: ya kwanza ilikata mapema sana, ya pili iliacha kontakti dhaifu zenye kuchakaa. Mchanganyiko wa shaba na kromiamu ulioenea baada ya hapo umepatanisha matakwa yanayogombana. Shaba inapitisha mkondo; kromiamu inaupa uso ugumu, inatoa mvuke wa kutosha kuiweka cheche hai mpaka karibu na sifuri, na inashika gesi kidogo inayobaki ndani ya chupa. Leo kukata mapema ni kwa wastani wa ampea tatu hadi tano. Umbo nalo limebadilika. Kontakti zinachongwa mifereji ya mzunguko ili mkondo wenyewe utengeneze sumaku inayoizungusha cheche isisimame mahali pamoja na kuchimba shimo. Nyingine zinatengeneza sumaku inayoelekea upande wa mkondo, cheche ikatawanyika juu ya uso wote kama ukungu badala ya kukusanyika. Hayo yote yametokea ndani ya kitu chenye ukubwa wa kopo. Anayebeba hofu ya chupa za miaka ya 1960 kuja kuzihukumu za leo anakosea kama ambavyo ningekosea kuihukumu laini ya leo kwa nguzo za zamani.

MSAGAJI: Kuna swali la nje ya Kabuku ambalo linatuhusu. Kama hivi vya ombwe ni bora hivyo, mbona kule juu, kwenye laini kubwa inayotoka Hale, havijachukua nafasi zote? Tusije tukawa tunafungiwa kilichoshindwa kwa wakubwa.

MHANDISI: Ni kinyume chake, mama. Ombwe lina nguvu ajabu kwenye pengo dogo, lakini ukilipanua mara mbili halikupi uwezo mara mbili. Ndiyo maana limetawala usambazaji wa kilovoti 11 na 33 na kuchelewa kwenye kilovoti 132, kama laini zinazotoka Hale, penye kile kituo cha megawati 21 kilichojengwa mwaka 1964, kwenda Tanga, Chalinze na Kilimanjaro. Waingereza walijaribu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa breka ya kilovoti 132 pale West Ham, London, na walilazimika kupanga chupa nane mfululizo kwa kila fezi. Ilifanya kazi, ila kwa bei hiyo gesi ya kuzimia cheche, SF6, ikashinda. Sasa upepo umegeuka. Kilo moja ya SF6 ikivuja inapasha joto dunia kuliko kilo 20,000 za hewa ya ukaa, na Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inazuia vifaa vipya vyenye gesi za aina hiyo hadi kilovoti 24 kuanzia Januari 2026, na hadi kilovoti 52 kuanzia Januari 2030. Siemens Energy inauza breka ya kilovoti 145 yenye chupa moja ya ombwe kwa fezi, na Meidensha ya Japani nayo iko kwenye kiwango hicho. Viwanda vinahamia huko. Tukinunua swichi za gesi leo kwa sababu ni rahisi, tutazitafutia vipuri wakati waliozitengeneza wameshaachana nazo.

FUNDI: Vipuri umevitaja mwenyewe. Rikloza yako ina boksi, boksi lina betri, na betri ndiyo inayoipa rilei uhai umeme unapokatika. Kwa joto la huku betri hiyo haifiki miaka iliyoandikwa juu yake. Betri ikifa, chupa ya miaka 30 iko juu, nzima, na haina wa kuiamuru. Fyuzi haina betri.

MSAGAJI: Basi nisikilizeni wote wawili, maana naona kila mmoja anashinda upande wake na umeme wangu bado uko katikati. Nataka kujua namba nne, ziandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata: umeme utarudi baada ya sekunde ngapi, utarudi mara ngapi, kipimo cha waya ulioanguka kiko wazi au kimefungwa na nani amekifunga, na betri imebadilishwa lini. Na baada ya masika ile kumbukumbu ya kifaa isomwe kwenye mkutano wa kijiji, si ofisini. Mkiweza hayo, fungeni. Msipoweza, fundi apewe panga.

FUNDI: Nakubaliana na ubao. Lakini kumbukumbu ikisomwa, na ikaonyesha kipande kimoja kimekata umeme mara nyingi kuliko vyote, mhandisi atanipa watu wa kukifyeka, au ataomba rikloza ya pili?

MHANDISI: Nitakupa watu, ikiwa fungu la kufyeka mkuza litakuwa bado lipo kwenye bajeti na halijahamishiwa kulipia rikloza ya kwanza. Hilo sikuahidi, mzee, kwa sababu kwenye bajeti hizi mafungu hayo mawili huandikwa mstari mmoja wa matengenezo, na kifaa huja na ankara wakati panga haliji nayo. Niko tayari kutia saini kwamba yatenganishwe kabla ya kununua. Anayepitisha bajeti naye atie saini.